Kipande cha Mkate Juu ya Glasi

Mama,

Shikamoo. Najua marahaba yako sitaisikia, lakini wewe ndiye uliyekuwa ukinichapa nikianza maneno bila salamu, kwa hiyo pokea.

Huku Mungaa mvua zimeanza. Alizeti za shamba la chini zimeota vizuri. Kuku wako wamebaki sita, na yule jogoo mkorofi anashinda mlangoni pako utadhani anasubiri utoke. Baba anakula kidogo sana. Lakini kila siku anaweka fungu la Elia, kama ulivyokuwa ukituwekea sisi: mtoto akisafiri, chakula chake kinapakuliwa vilevile, ili njia imrudishe. Elia, mdogo wangu, ameenda Sekenke kuchimba dhahabu. Hata arobaini yako hakuisubiri. Alisema nyumba imemshinda bila wewe, na mimi sikumzuia.

Sasa mama, kuna jambo sijamwambia mtu. Nakuandikia wewe kwa sababu linakuhusu, na kwa sababu naogopa.

Unaikumbuka ile picha niliyokutumia kutoka Istanbul, nilipopelekwa kujifunza mashine za kukamua alizeti? Siku ile mwenyeji wetu alitupeleka kwenye mgahawa wa Kirusi, wa kizamani kabisa, vitambaa vya meza vimetariziwa maua mekundu, na birika la shaba la chai kubwa kama ndoo, lina bomba lake chini. Nilivaa kitenge chako. Wakaleta supu nyekundu ya bitiruti, nikasema moyoni, haya, leo nakunywa rangi. Kumbe tamu! Ina uchachu, juu wanaitia maziwa mazito yaliyoganda. Ungeipenda, wewe na mtindi wako. Kisha vichapati vyembamba, na mkate mweusi, mzito, unashibisha kama ugali wa uwele.

Nikakukumbuka. Nikafanya ulivyonifundisha. Nikakupakulia sahani yako, nikakumiminia glasi ya juisi, nikaviweka mezani mbele ya kiti kitupu. Mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akituhudumia akaja, akaniuliza kwa macho, vya nani hivi? Nikasema, "Mama." Neno hilo na wao wanalo. Halafu nikanyoosha mkono juu, juu kabisa, kama tunavyoonyesha huku kwetu kitu kilicho mbali: kuleee. Nilimaanisha Singida, mama. Singida tu.

Akanishika bega. Akafanya ishara ya msalaba, akachukua kipande cha mkate mweusi, akaifunika glasi yako. Mimi mjinga nikadhani anazuia nzi. Nikacheka, nikapiga picha, nikakutumia. Na wewe ukanijibu kwa ujumbe wa sauti, unacheka mpaka unakohoa: "Hao watu wana adabu, wamenifunikia kabisa!" Ukamwonyesha na baba.

Tulipokuwa tunatoka, mwenyeji wetu akanipa pole. Akasema hakujua kama nimefiwa na mama. Nikamwambia sijafiwa, mama yangu mzima. Akaangalia viatu vyake. Ndipo akanieleza kwamba Warusi huifunika glasi kwa mkate wakimwekea mtu aliyekufa.

Siku ya tatu nikapigiwa simu. Presha, walisema. Ulianguka jikoni, mwiko mkononi.

Nikajiambia mambo yamegongana tu, Mungu hachukui maagizo mgahawani. Nikajiambia hivyo kila siku, na siku nyingine nilikubali. Lakini leo mchana nimeingia ndani nikakuta fungu la Elia mezani: ugali, mlenda, kikombe cha uji. Na juu ya kikombe, kipande cha mkate. Baba amekikata vizuri, kimekaa sawasawa. Nikamuuliza nini hiki. Akasema, "Kama wale Warusi walivyomfanyia mama yako. Nimeona ni heshima." Anafanya hivyo tangu Jumapili, mama. Na simu ya Elia haipatikani tangu Jumatatu.

Nimeuondoa ule mkate. Nimeula palepale nimesimama, pamoja na makombo, baba ananitazama kama mtu aliyerukwa na akili. Sikumweleza. Nitamwambiaje kwamba ni mimi niliyekufunika ungali hai? Nisamehe mama yangu. Nilitaka ule, basi.

Kesho na basi la kwanza naenda Sekenke. Wanasema mvua zikianza hivi mashimo yanajaa maji, na udongo haushiki. Nitamtafuta shimo kwa shimo. Nitamrudisha hata kwa kumvuta sikio mbele ya wenzake, na atakaa hapa mezani ale chakula chake kwa mkono wake mwenyewe. Hilo nakuahidi.

Pumzika, mama. Ila nakuomba kitu kimoja, na najua kitakuwa kigumu kwako, wewe ambaye hujawahi kumwacha mtoto asimame mlangoni. Elia akitokea huko kabla sijamfikia, usimkaribishe. Mgombeze, mfukuze, arudi. Hata akikuambia ana njaa, mama, usimpakulie.

Mwanao,
Neema