Shimo la Shamba la Baba

Jumatatu, 4 Agosti
Sare nne za shule zimekwisha. Ya tano bado vifungo. Mwenye nyumba kapita tena hapa Nalufenya. Eti mwanawe anaoa, chumba anakitaka mwisho wa wiki. Miaka kumi na tisa nakaa kwake! Basi. Shamba la marehemu baba kule Mbale ni langu. Nimemwambia nitajenga vyumba viwili na baraza. Nimechoka kuhamishwa kama kiti.

Jumanne, 5 Agosti
Mbale. Ofisi ya mipango ya ardhi. Afisa ni binti mpole, na upole wake umenichoma. Upande ule wote umetengwa kwa kilimo, nyumba mpya marufuku. Isipokuwa udongo uwe haba: nichimbe shimo, mwamba ukionekana kabla ya kiuno cha mtu, naruhusiwa. Atakuja Ijumaa kukagua. Nimecheka njia nzima. Baba kila msimu alikuwa akigombana na mawe pale.

Jumatano, 6 Agosti
Nimemwita Masaba, mchimba vyoo. Saa nne alikuwa kiunoni. Udongo mweusi. Nilikwisha kushindwa, lakini nikamwambia aendelee. Kwa nini, sijui. Saa sita kifuani. Mweusi, laini, nyungunyungu wanene. Saa nane kichwa kikazama. Akaita kutoka chini, "Hajati, huku hakuna mwisho!" Nimechukia. Nimechukia sana.

Alhamisi, 7 Agosti
Ujanja wa Masaba: tufukie, tushindilie mawe makubwa hadi shimo libaki kina cha goti, binti ataona mwamba. Nikakubali. Ndiyo, mimi, na Hija yangu. Mawe yakaletwa kwa toroli.

Kabla hajamwaga, nikataka kuona. Nikafunga gauni, nikashuka ngazi.

Subhanallah.

Weusi pande zote, juu yangu kabisa. Mizizi imeshuka kuliko nilivyodhani mzizi hufika. Karibu na unyayo wangu, kigae cha chungu na mkaa. Mtu alipika hapa, kisha udongo ukapanda juu ya jiko lake, kidogo kidogo, mpaka ukanizidi kimo. Nikaweka kiganja. Baridi, unyevu. Nimekula vya shamba hili tangu utotoni, sikujua nakanyaga nini. Nikaogopa hata kukohoa. Nikalia. Masaba akadhani nimevunjika mguu.

Nimemwambia arudishe mawe yalikotoka. Kanitazama kama nina wazimu.

Ijumaa, 8 Agosti
Binti alivua viatu, akashuka na futi yake. Nilimshikia ngazi. Alikaa huko muda mrefu. Alipopanda aliniuliza kama nina pengine pa kujenga. Sina. Akaandika. 

Sitajenga. Inauma.

Jumapili, 10 Agosti
Nimepata chumba Wanyange. Kidogo, paa linavuja upande wa dirisha. Mwenye nyumba wa Nalufenya alikuja kuchukua ufunguo, akauliza ujenzi umefika wapi. Nikamwambia hakuna ujenzi, kule kuna udongo. Unamzidi mtu kimo, nikasema, mweusi mpaka chini. Nikanyoosha mkono juu ya kichwa kumwonyesha.

"Pole sana, Hajati," akasema.

Nikamshukuru, nikabeba cherehani.