Godoro la Ofisi

Binti yangu,

Chakula kipo kwenye sufuria. Mdogo wako akirudi kutoka shule ale, asikudanganye kwamba kashiba.

~~Anza kupanga nguo zako.~~ Usipange chochote.

Ulipotoka tu kwenda chuo, alikuja yule afisa wa ustawi wa jamii aliyekuleta kwangu. Ati umetimiza kumi na nane, muda wa kulelewa umekwisha, na godoro lako ni mali ya ofisi, lirudishwe leo. Nikamuuliza, "Na mtoto mnamrudisha wapi?" Akasema fomu haina sehemu hiyo.

Mimi nilitolewa hivyohivyo kwenye nyumba iliyonilea, na mfuko mmoja wa plastiki. Jina la aliyesaini ninalo kichwani mpaka leo.

Basi godoro lao nawapelekea mwenyewe. Nitalitandika pale mapokezi, nilikalie mpaka mkubwa wao aandike kwamba unabaki hapa hadi umalize chuo. Nikichelewa msinitafute, nina chupa ya chai.

Leo utalala kitandani kwangu, upande wa ukutani. Nakoroma, utajiju.

Na acha kulia, utalowesha karatasi. Hata wakikataa kuandika, ufunguo wa mlango huu unao wewe, wao hawana.

Mama yako