Kigoda Changu na Sumaku ya Pikipiki

Makongolosi, Jumapili

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, mama. Najua umeshaitikia kwa sauti, hata kama uko peke yako na matenga ya nyanya kando ya barabara. Goti linaendeleaje na baridi ya Ilula? Ile dawa niliyokutumia upake wewe, usiigawe kwa majirani. Sisi huku wazima, ingawa kidogo nisingeweza kuandika neno hilo. Sikupiga simu kwa sababu ungenisikia nikilia, ukapanda basi siku hiyohiyo.

Mama, jana nimeponea chupuchupu kufa, tena nikisonga ugali nyumbani kwangu.

Ilianza na mkweo Masanja. Unajua anavyoipenda ile pikipiki anayobebea watu wa machimboni. Mimi mkewe hajawahi kunipangusa vumbi namna hiyo. Wenzake wa kijiweni wakamwambia ina sumaku nzito. Sumaku ndivyo mafundi wanavyoliita gurudumu la chuma lililo ndani ya injini, linalozunguka nayo. Eti likipunguzwa uzito, pikipiki inachomoka upesi. Basi akalifungua, akalipeleka Mbalizi kwa fundi wa kukereza vyuma. Fundi akakereza kidogo, akasema panatosha. Masanja akamng'ang'ania akereze zaidi, na hilo alinisimulia mwenyewe akicheka. Lilirudi jembamba kama sahani.

Jana akalifunga mwenyewe hapa uani. Mimi nilikuwa kwenye kigoda ulichonipa nilipoolewa, pembeni ya pikipiki, nimeinamia sufuria. Nikamwambia asogee, harufu ya petroli inaingia kwenye chakula. Akasema anajaribu mara moja tu. Akawasha, ikaitika vizuri kweli, hata mimi nikamsifu. Akaanza kupiga resi.

Hapo akapita yule bibi wa kwetu Iringa anayeishi ng'ambo ya kisima. Akasimama kwenye mlango wa ua, akaita, "Kamwene!" Masanja hutucheka siku zote, kwamba Wahehe tunasalimiana mpaka ugali unaungua. Nilitaka kuitikia nikiwa nimekaa, maana mwiko ulikuwa mkononi na kelele zilizidi. Magoti yakakataa. Ulinichapa sana utotoni kwa kuitikia salamu ya mkubwa nimekaa. Nikauacha mwiko sufuriani, nikamfuata bibi mlangoni, nikapiga goti.

Nikasikia mlio, nikadhani ni baruti za machimboni. Kugeuka, pikipiki imezima, kava la injini limetoboka, Masanja kasimama mdomo wazi, hana hata mkwaruzo. Sumaku ilikuwa imepasuka. Kipande kimoja kilikipasua kigoda changu, kingine kilizama ukutani, usawa wa kifua changu ninapokaa. Ugali ulikuwa bado unatokota.

Sikulia, mama. Sijui nilipatwa na nini, nikamgeukia bibi nikaendelea kumuuliza hali ya kuku wake. Yeye ndiye aliyenishika mikono. "Mwanangu," akasema, "waache kuku kwanza."

Nimeshtuka mpaka leo. Mlango ukigongwa naruka.

Leo mchana bibi alikuja kutujulia hali, akamkuta Masanja anaokota vipande. Mwanamume mzima, aliviweka chini akapiga goti vumbini. "Kamwene, bibi," akasema, na matamshi yake yale ya kuvunjika. Bibi akaitikia, akamuuliza habari za nyumbani, za kazi, za mvua, za wazazi wake kule Usangu. Akajibu zote, machozi yanamtoka, na mimi nimesimama nawatazama mpaka ugali ukaungua.

Nisalimie shangazi anayekusukia matenga, na mama mchungaji, mwambie atuombee. Kaka yangu seremala mwambie nahitaji kigoda kingine, kiwe kama kile.

Ni mimi mwanao, ambaye hukunichapa bure,

Vumilia