Sakafu Chini ya Mpira

Bryn Hesg,
Tarehe 18 Mei

Kaka Ifor,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko New Zealand, na kwamba mgongo haukusumbui sana, maana najua jinsi kukata manyoya ya kondoo kunavyomkunja mtu. Sisi hapa hatujambo. Mama nyonga yake bado inamuuma akipanda ngazi, lakini fimbo hataki. Nikimtajia fimbo ananiuliza kama nimemwona akianguka. Mvua imenyesha wiki tatu mfululizo na bonde lote limelowa. Kondoo wamezaa vizuri, tumepoteza wawili tu. Mzee Dilwyn wa gereji anakusalimu, na anauliza kama huko wanakupa chai au wanakunywesha maji ya mto.

Kaka, nimenunua gari la kubebea farasi. Najua umesimama kidogo uliposoma hapo. Mimi na Mama tuliapa, baada ya yale ya farasi wetu Mwyaren, kwamba hakuna farasi mwingine atakayepakiwa garini hapa uwanjani. Lakini yule mtoto wake, Gwenno, uliyemwacha ana miezi sita na hajazoea hata kamba, sasa ana miaka minne. Ana kifua cha mama yake na mwendo wa mama yake, na akikimbia kwenye uwanda wa juu, watu wanasimamisha magari barabarani kumtazama. Mwezi wa tatu alipita hapa bwana mmoja anayehukumu maonyesho ya farasi, akamwangalia kwa muda mrefu, akaniambia kumficha farasi wa namna hii mlimani ni dhambi. Niliamua siku hiyohiyo. Gwenno ataenda kwenye maonyesho ya Julai, na nitampeleka mimi mwenyewe.

Mama hakusema nami siku mbili. Siku ya tatu alinikuta najaza fomu, akasema nifanye nitakalo, ila nisimwite aje kutazama farasi akipanda ndani ya sanduku lolote lile.

Tela sikutaka hata kulisikia. Nilitaka gari dogo, lile ambalo farasi yumo nyuma ya dereva na unamsikia akipumua. Leseni yangu inaishia tani tatu na nusu, na mfuko wangu uliishia pauni elfu tano na mia tano, akiba ya majira mawili ya baridi kwenye kiwanda cha jibini. Kwa pesa hiyo, Kaka, unapata ama gari zuri la picha ama gari baya la kweli.

La kwanza lilikuwa la picha. Nilikwenda na Mzee Dilwyn mpaka karibu na Hereford. Jamaa aliyekuwa analiuza alivaa viatu vyeupe kwenye uwanja wa farasi, na hapo tu Dilwyn akaninong'oneza kwamba turudi nyumbani. Gari lilikuwa limepakwa rangi mpya ya samawati, lina mapazia madirishani, na linanuka rangi mpaka macho yanawasha. Jamaa akanihakikishia kwamba linabeba farasi wawili bila taabu. Nikamwomba ainue mpira uliotandikwa sakafuni nione chini yake. Akacheka.

"Dada, unanunua gari au unanunua sakafu?"

"Sakafu," nikamwambia. "Gari lenyewe nitalichukua kama nyongeza."

Akasema mpira umegandishwa kwa gundi, ukiinuliwa utaharibika. Nikamwuliza ni nani anayegandisha mpira wa sakafu ya farasi kwa gundi, mahali panapolowa mkojo kila safari. Tukaondoka. Njiani Dilwyn akaniambia, "Binti, una jambo na sakafu wewe." Nikajifanya natazama barabara.

Nilifuata mengine matatu. Moja mlango wake wa nyuma ulitaka wanaume wawili kuuinua. La pili lilikuwa limeliwa na kutu kwenye fremu mpaka bisibisi yangu ikapita kama kwenye keki. La tatu liliuzwa nikiwa njiani. Dilwyn akaanza kuniambia labda tukodi gari la mtu siku ile ya maonyesho, yaishe. Nikamwambia sitamweka Gwenno juu ya sakafu ambayo sijalala chini yake nikaikagua.

Ndipo nikasikia habari za Bi. Bebb, mjane mmoja upande wa Builth, ambaye mumewe alifariki vuli iliyopita na farasi wake wameuzwa. Gari lake lina miaka kumi na minane. Milango imepauka, kiti cha dereva kimeshonwa kwa uzi wa magunia, na hakuna pazia hata moja. Lakini tulipofika tulikuta mipira yote ya sakafu imeshatolewa na kuegemezwa ukutani, na sakafu imeoshwa imekauka. Bi. Bebb alisema mumewe hakuwahi kumwuzia mtu kitu kilichofunikwa, na yeye hataanza leo.

Niliingia chini ya gari na tochi na bisibisi, matope mpaka shingoni. Dilwyn alikuwa amesimama juu akimwambia Bi. Bebb kwamba nikichelewa sana wanivute kwa miguu. Nilidunga kila ubao na kugonga kila chuma. Vyuma vinavyokatisha chini ya sakafu ni vinane. Saba vilikuwa vizima. Kimoja, karibu na gurudumu la nyuma, kilikuwa kimeliwa na kutu.

Kisha nikaomba tulipeleke kwenye mizani ya magari pale kwenye mnada wa mifugo. Bi. Bebb alishangaa, lakini akapanda nasi. Gari tupu, pamoja na sisi watatu na mafuta, lilisoma kilo elfu mbili na mia saba. Zilibaki kilo mia nane tu kufika tani tatu na nusu. Nikamweleza kwamba linaruhusiwa kubeba farasi mmoja, si wawili. Akasema mumewe alibeba wawili miaka yote. Akatazama ile karatasi ya mizani kwa muda, akasema polepole, "Basi tulikuwa na bahati, na mimi nilidhani tulikuwa waangalifu."

Alikuwa anataka elfu saba. Nikamwambia nilicho nacho chote, na kwamba chuma kile nitakibadilisha mimi. Akaniuliza, tena kwa upole, kwa nini msichana mwenye farasi mmoja anakagua gari kama polisi. Sijui, Kaka. Labda ni kwa sababu hanijui. Nilimwambia yote, tukiwa tumesimama kando ya mizani, na Dilwyn yupo anasikia. Nilipomaliza, Bi. Bebb hakunipa pole. Alinyoosha mkono, akaipokea bei yangu, akaniuliza kama wewe unajua. Nikasema hujui. Akasema basi nimeanza kusimulia kwa mtu asiyehusika.

Kwa hiyo nakuandikia.

Jumatano kabla ya safari ile ya mwisho ya Mwyaren, nilikuwa naosha tela. Niliinua mpira, na brashi ikazama kwenye ubao wa katikati. Nikabonyeza kwa kisigino, ukabonyea. Nilijua maana yake, Ifor. Si kwamba nilitilia shaka. Nilijua. Lakini mashindano yalikuwa Jumamosi, jina langu lilikuwa tayari kwenye orodha ya wapandaji, na nikikuambia ungesema hatuendi. Nikajiambia ni safari ya maili kumi na mbili tu, nitakuambia Jumapili. Nikarudisha mpira, nikausawazisha vizuri, nikafagia.

Wewe ndiye uliyevuta tela. Wewe ndiye uliyesikia ubao ukivunjika pale kwenye mteremko wa daraja, ukafungua mlango ukaona miguu ya Mwyaren imepita chini mpaka lami. Wewe ndiye uliyemshika kichwa mpaka daktari wa mifugo akampa sindano ya mwisho. Na jioni ile, Mama alipouliza ni nani aliyekagua tela, wewe ukasema, "Ni mimi, sikutazama." Mama akakuambia yale aliyokuambia mlangoni. Mnadani watu wakasema unabana senti mpaka unaua. Nami nilikuwa nimekaa pembeni ya jiko nimeshika kikombe, na sikufungua mdomo. Ulipoondoka kwenda New Zealand, nilikupeleka kituo cha treni na bado sikufungua.

Jumapili iliyopita nilimwambia Mama tukiwa mezani. Aliinuka, akaosha vyombo vyote, hata vilivyokuwa safi. Kisha akasema niandike, kwa maneno yake, kwamba yale aliyosema mlangoni alimwambia mtu asiye na kosa, na kwamba hajui namna ya kuyarudisha. Jumatatu nilikwenda mnadani nikawaambia wale wanaume wanaopenda kuongea, mmoja mmoja. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyenisalimia wiki hii pia, na sina neno.

Chuma kimebadilishwa. Dilwyn alikichomelea, mimi nikashika tochi. Kila asubuhi naruka juu ya sakafu ile kwa mabuti, kona hadi kona, kabla Gwenno hajapanda. Siku nne za kwanza aliweka mguu mmoja akarudi nyuma. Jana alipanda kwa miguu yote minne, akala nyasi zake humo, nami nikakaa naye mpaka akamaliza.

Sikuombi urudi, wala sikuombi unisamehe haraka. Ukitaka kunitukana, andika, nitasoma yote. Lakini tutakwenda Julai. Kwenye fomu, mahali pa jina la mpandaji niliweka langu. Mahali pa mwenye farasi nimeandika Ifor Pugh wa Bryn Hesg, kwa wino, na wameshaipokea.

Mama anakusalimu, na Mzee Dilwyn pia. Vaa nguo nzito, maana huko kwenu baridi ndiyo inaingia.

Ni mimi dada yako,
Heledd