Kikao cha Kupanga Kikosi cha Fainali, na Suala la Namba Saba Asiyeweza Kumwita Namba Tisa

KLABU YA RAGA YA KOKOMO, BONDE LA WAHGI
Alhamisi, 14 Agosti 2014, banda la kukaushia kahawa

WALIOHUDHURIA
Bw. Kaip Dopnga, Mwenyekiti
Bw. Wesli Numndi, Kocha
Tai Kunjil, Nahodha, namba tisa (ni kaka yangu)
Mama Elsi Bal, Mtunza Jezi
Namba saba, mwalikwa. Jina lake siandiki. Amemwoa dada yangu Margret, na kwetu mkwe hatajwi jina, hata kwa kalamu.
Roslin Kunjil, Katibu

ASIYEHUDHURIA
Mchungaji Yakobus, Mlezi. Yuko msibani.

KUMB. NA. 1/2014: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao saa tisa alasiri, baada ya kuku kutolewa bandani. Alimtaka Katibu aandike kila kitu. "Wewe binti una lugha mbili za shule, sisi tuna makelele tu. Andika." Katibu alishukuru moyoni. Kuandika anaweza; kusema mbele za watu humkausha mate.

KUMB. NA. 2/2014: YATOKANAYO NA NUSU FAINALI
Kocha alieleza kwamba tulishinda kwa huruma ya Mungu. Alikumbusha kwamba mchezaji wetu akiangushwa huusukuma mpira nyuma kwa mguu, namba tisa huuokota, na namba saba humwita kwa jina ili apasiwe. Tangu harusi ile namba saba hawezi kuita, maana namba tisa sasa ni shemeji yake. Akiita "shemeji" watu kumi hugeuka, kwa hiyo alipiga makofi. Kipindi cha pili wapinzani waligundua, nao wakapiga makofi. Nahodha alimpasia adui, ambaye alikimbia peke yake hadi chini ya milingoti ya goli letu. Namba saba akaamua kupiga mluzi, na nusu ya timu yetu ikasimama ikidhani ni refa.

Mama Elsi alicheka mpaka akaombwa atulie. Nahodha alitazama ukuta.

KUMB. NA. 3/2014: MAPENDEKEZO YA NAFASI
Mwenyekiti alipendekeza jezi namba saba apewe mpwa wake, Gideon. Kocha alisema Gideon ana adabu nzuri, ila anapiga mpira kama anayefukuza kuku. Mwenyekiti alitaka maneno hayo yafutwe. Kocha alitaka yaachwe. Yameachwa.

Kocha naye alipendekeza Nahodha ahamie pembeni, kwenye winga. Nahodha alijibu, "Winga hukimbia, mzee. Mimi na goti hili bovu siku hizi nawasili tu."

Ilipendekezwa tena kwamba namba saba aingie safu ya pili ya skramu, kule wanakosukumana vichwa chini. Mama Elsi aliuliza kama waheshimiwa wanakumbuka kichwa cha mtu wa safu ya pili hukaa wapi: chini ya makalio ya namba nane, wa safu ya mbele. Na namba nane ni baba yake mdogo Margret. Kamati iliona aibu. Pendekezo halikuungwa mkono na mtu.

Namba saba aliomba akae benchi, ili asimharibie shemeji fainali. Kocha alisema wateuzi wa timu ya mkoa wanakuja Jumamosi hii, na kijana akikaa benchi hakuna atakayerudi kwenye matope haya kumtafuta. Namba saba alisema anajua. Alisema kwa sauti ndogo, ninayoifahamu kwa kuwa ndiyo niliyo nayo.

KUMB. NA. 4/2014: KULA JINA
Mama Elsi aliuliza, "Kwani nyie wanaume mmesahau kula jina? Wakwe wakigawana chakula, wanaitana kwa chakula hicho mpaka kufa. Mimi na mama mkwe wangu ni Ndizi tangu sijazaa."

Wote walikubali isipokuwa Nahodha. Alisema yeye hali na mtu huyo. Alipoulizwa sababu, alieleza kwamba siku ya karamu alikuwa na lori njiani kutoka Lae, na alipofika nguruwe walikuwa wameliwa na fungu la kaka wa bibi harusi halikuwepo. "Nimemlea Margret tangu baba afe. Sikuachiwa hata ngozi!"

Namba saba alisema fungu lilikuwepo, na alilileta limefungwa kwa majani ya mgomba, akasimama nje ya ua. "Ningebishaje hodi, shemeji? Jina lako silitamki, na mbwa wako hanijui."

Nahodha alisema, "Hayo ni maneno tu."

Hapo Katibu alinyoosha mkono, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Alisema yeye alimwona kupitia dirisha la jiko, amesimama mvuani na furushi kifuani mpaka giza likaingia, akadhani anamngoja Margret. Alitaka kuongeza neno lakini wote walikuwa wanamtazama, akaketi.

Nahodha aliuliza nyama iko wapi.

"Niliila, shemeji. Ilishaanza kunuka."

"Yote?"

"Mfupa nilimpa mbwa wako, ndiyo akaniachia niende."

Nahodha alicheka. Nyumbani hatujausikia mcheko huo tangu arudi kutoka Lae.

Mwenyekiti alishauri wale kiazi. Kocha alipinga kwa kuwa uwanja mzima huuza viazi, na wachuuzi wakinadi watapasiwa mpira. Nahodha alichukua muwa wa Mama Elsi uliokuwa mlangoni, akauvunja kwa lile goti bovu, akampa namba saba kipande kirefu. Walitafuna wakitazama chini. Mama Elsi alisema huo muwa ulikuwa wake.

Iliazimiwa: kuanzia leo wanaitana Muwa.

KUMB. NA. 5/2014: KIKOSI
Namba tisa na namba saba wanabaki pale walipo. Gideon yuko benchi. Mwenyekiti alikubali kwa shingo upande na kuomba hilo pia liandikwe.

KUMB. NA. 6/2014: KUFUNGA KIKAO
Mwenyekiti alianza maneno ya kufunga saa kumi na moja jioni. Hayakusikika vizuri, kwa sababu wale wawili walikwishatoka nje na mpira, na kaka yangu alikuwa akipaza sauti, "Ita tena, Muwa! Ita kama mtu aliyekula kwangu!"

Kaip Dopnga, Mwenyekiti ........................
Roslin Kunjil, Katibu ........................