Kidonge cha Mwatumu ni Kichungu

Mdogo wangu Godson,

Huku Heru Juu hatujambo, na maharage mwaka huu yamekubali.

Ulinieleza kwamba sisi wenye kisukari, kimeng'enya fulani kikizidi kufanya kazi, seli zinazotanda ndani ya mishipa ya damu hufa, na kwamba ninyi watafiti mnajaribu vidonge vya kukituliza. Nikakuamini. Juzi nimeonja kidonge cha jirani yangu Mwatumu, mliyemwandikisha pamoja nami: kichungu kama shubiri. Changu kina ladha ya unga wa muhogo. Nilipomuuliza daktari wenu, alitazama viatu vyake.

Nani aliamua mimi nipewe kisicho na dawa, cha kulinganishia tu? Usinijibu. Tangu Jumapili mimi na Mwatumu tunavikata vyote, tunagawana nusu kwa nusu. Hilo nalo liandike kwenye utafiti wako.

Ni mimi dada yako niliyekubeba mgongoni,
Yusta