Mke Mwenza Mwenye Magurudumu

Jumatatu, 3 Machi

Wamesema mume wangu ataruhusiwa Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe kumi na nne. Nilitaka kumkumbatia daktari. Halafu Shemeji, kaka yake mkubwa, akanivuta pembeni, pale koridoni kwenye ndoo za usafi. Ameshaongea na mkewe. Wameandaa chumba. Kwao ni mwendo wa saa saba kutoka hapa.

Nikauliza, na mimi? Akaangalia viatu vyake. Akasema nitakaribishwa kuja kumsalimia wakati wowote.

Kumsalimia! Mume wangu, miaka tisa!

Sikupandisha sauti. Nikasema tuna nyumba yetu. Akanijibu taratibu, "Shemeji, ile siyo nyumba. Ile ni gari la mikate."

Ni kweli, lilikuwa la kusambazia mikate. Alilinunua bovu alipostaafu udereva wa malori. Akalitia kitanda, jiko, sinki, madirisha mawili. Huu mwaka wa nne tunaishi humo, nyuma ya karakana ya mbao. Mimi nililiita mke mwenzangu, maana kila jioni alikuwa uvunguni mwake na spana, mimi nimekaa na chai inapoa. Sasa kiharusi kimemchukua upande wote wa kulia, na maneno pia. Nimeachiwa mke mwenza nimuuguze.

Muuguzi wa wodi alitusikia. Akasema mgonjwa huyu hawezi kulala penye unyevu, kifua kilishamsumbua humu humu wodini. Kitanda kiwe chini, miguu ifike sakafuni. Sakafu isiyumbe. Mlangoni pawe na kitu cha kushika. Nikasema vyote vitakuwepo. Sijui nilitoa wapi ujasiri. Shemeji akasema sawa, siku hiyo atakuja kuona kwa macho yake. Akikuta pakavu, atanyamaza.

Siku kumi na moja. Sijawahi kushika drili.


Jumanne, 4 Machi

Nimetoka zamu — napiga pasi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli — nikaja moja kwa moja kukagua. Kwamba paa linavuja nilijua, tuna hata sufuria yetu ya kukingia. Sikujua mengine. Nimebonyeza sakafu ya mlangoni kwa bisibisi, ikazama mpaka kwenye mpini, kama kwenye mkate uliolowa. Plaiwudi imeoza. Inanuka uyoga. Mume wangu alikuwa akiniambia niruke pale. Nilidhani ni mizaha yake.

Jioni hospitali. Nikamuuliza maji yanaingilia wapi. Hakuna anayelijua gari lile zaidi yake. Alinitazama vizuri, macho yake yale yale. Akafungua mdomo akasema, "Sahani."

Nikasema paa, baba, paa linavujia wapi?

"Sahani. Sahani."

Anajua silo neno. Hapo ndipo panapouma. Akageukia ukutani.


Jumatano, 5 Machi

Mvua tangu alfajiri. Nikasema siwezi kungoja. Nimeazima ngazi kwa wakata mbao, nikapanda na bomba la silikoni, ile gundi ya kuzibia maji, nikazungushia kile kidirisha cha juu ya paa. Matone huangukia chini yake, kwa hiyo kosa ni lake.

Silikoni haishiki penye maji. Imeteleza kama kamasi. Nimelimaliza bomba zima, vidole vimekufa ganzi, nimeshuka, nimeingia ndani — tone, tone, tone, kwenye sufuria. Kama vile sikupanda. Nikakaa kitandani na matope yangu nikalia. Halafu nikafua shuka, maana hakuna mwingine wa kuifua.


Ijumaa, 7 Machi

Amekuja fundi wa kuchomelea wa pale kona, wanamwita Cheche. Mtu wa maneno machache. Mume wangu aliwahi kumfufulia jenereta lake. Aliingia chini ya gari kwa mgongo, akakaa huko mpaka nikadhani amesinzia. Akatoka akasema plaiwudi ni tatizo dogo. Chuma kinachoibeba kimeliwa na kutu, pale mlangoni kimebaki karatasi. Na hawezi kuwasha moto juu ya mbao na godoro. Nitoe kila kitu.

Nimetoa. Godoro, masufuria, picha ya harusi, mpaka nguo zangu za ndani, vyote nje chini ya turubai. Maisha yangu yote yanaenea kwenye turubai moja! Wakata mbao wanapita wanajifanya hawaoni. Mmoja akanibebea jiko bila kuombwa, akaliweka taratibu kama yai. Aibu niliivumilia. Lile jiko ndilo lililonitoa machozi.


Jumapili, 9 Machi

Cheche amechomelea vyuma vitatu vipya. Sakafu iko wazi, ukisimama ndani unaona nyasi. Nalala kwenye stoo ya misumari ya karakana.

Leo wodini nimemkuta Shemeji akimlisha supu. Anampangusa kidevu kwa leso yake mwenyewe, pole pole, hachoki. Nilipokaa, mume wangu akaushika mkono wangu, akakiona kidole gumba kina silikoni iliyokauka. Akaibandua kidogo kidogo. Akainusa. Akacheka! Nusu ya uso tu, lakini alicheka.

Nilipotoka Shemeji akanifuata mpaka kwenye ngazi. Nilijiandaa kwa maneno makali. Haikuwa hivyo.

"Baba yetu alifia kwenye nyumba inayovuja," akasema. "Mimi nilikuwa mbali natafuta kazi. Huyu ndiye aliyekuwa anakisukuma kitanda cha baba, kutoka kona hii mpaka kona ile, mvua nzima. Alikuwa na miaka kumi na moja. Sasa unaniomba nimrudishe huko huko."

Miaka tisa, na hajawahi kunisimulia. Nilikwenda nikiwa na hasira ya kunitosha mpaka Ijumaa. Sasa hata hiyo sina. Njia nzima nimejiuliza kama Shemeji ana haki. Nadhani anayo. Je, nampigania mume wangu, au najipigania mwenyewe nisibaki peke yangu? Sijui. Kesho plaiwudi inakuja.


Jumatatu, 10 Machi

Nimekata plaiwudi fupi. Vidole viwili vizima! Nilipima mara tatu, nikachora mstari, nikakata upande usiofaa wa mstari. Nimeilaza, mlangoni pakabaki uwazi wa kupitisha panya na wanawe. Msumeno nikautupa. Kisha nikautafuta kwenye nyasi.

Msimamizi wa karakana akanipa kipande kingine, akakishika upande mmoja nilipokuwa nakata. Hakusema nimekosea. Aliniambia tu niache msumeno utembee wenyewe, nisiusukume. Jioni sakafu imekaa. Nimerukaruka juu yake kama kichaa. Haiyumbi.

Kitanda kesho. Paa bado. Mawingu yamejaa.


Jumanne, 11 Machi

Kitanda nimekishusha. Nimekata miguu yote minne, nikakaa, nyayo zimefika chini bapa. Nikaona mambo yananinyookea. Nikaamua kukikaza ukutani kwa skrubu ndefu kisicheze.

Skrubu imepita kwenye waya. Mlio mmoja mdogo, paf, na harufu. Taa zimekufa. Pampu ya maji imekufa. Nyaya zile alizipitisha yeye nyuma ya ukuta, moja moja, na ramani yake iko kichwani mwake, na kichwa chake kinasema sahani.

Nilibaki nimeshika bisibisi. Sikulia hata. Nilisikia mwili wote umekuwa mzito, kama shuka za hoteli kabla hazijakamuliwa. Siku tatu zimebaki. Sina taa, sina maji, paa linavuja. Nilitaka kuonyesha ninaweza kumtunza, nami ndiye ninayemalizia kuiharibu kazi yake.


Jumatano, 12 Machi

Sikwenda kazini. Sikwenda hospitali. Nimelala kwenye stoo, uso ukutani, mchana kutwa.

Saa kumi nimempigia Shemeji nimwambie aje tu amchukue. Simu ikaita. Nikaikata kabla hajapokea.


Alhamisi, 13 Machi

Jua! Limetoka tangu asubuhi, kali, la kuanika.

Cheche amekuja na ngazi fupi aliyoitengeneza, vidaraja viwili vipana, na bomba la kushikia ubavuni. Bomba amelipiga msasa mpaka limekuwa laini kama kikombe. Kalifunga upande wa kushoto. Sikuwa nimemwambia mkono upi mzima. Alikuwa amekwenda wodini Jumatatu, kimya kimya, akaangalia mwenyewe.

Nikamwonyesha uharibifu wangu wa umeme. Akatoa skrubu, akavuta waya akauzungushia utepe, kisha akafungua kisanduku kidogo chini ya kiti cha dereva ambacho nimekikalia miaka minne bila kujua ni nini. Akachomoa fyuzi, akaweka nyingine. Taa zikawaka. Pampu ikaanza kunguruma. Fyuzi! Jana nilikuwa tayari kumtoa mume wangu kwa sababu ya kitu kidogo kuliko punje ya haragwe.

Nimepanda juu. Nimekwangua silikoni yote ya zamani kwa kisu, nimefuta, nimesubiri pakauke kabisa, nimepaka upya na kulainisha kwa kidole chenye maji ya sabuni. Saa tisa nimemwaga ndoo mbili nzima kuzunguka kile kidirisha. Nikashuka mbio. Nikapapasa dari. Pakavu! Nimepapasa mara ya pili na shavu langu. Pakavu.

Vitu vimerudi ndani. Shuka nimepiga pasi kazini, kona zimenyooka. Picha ya harusi nimeiweka anapoweza kuiona akiwa amelala. Kesho waje.


Ijumaa, 14 Machi

Naandika haraka, nimekaa juu ya ndoo, kabla sijasahau yalivyopangana.

Mvua imeanza tukiwa njiani, kwenye gari la Shemeji. Imeanza kama mzaha, tulipofika karakana ilikuwa inapiga bati hadi hatusikilizani. Wakata mbao wamesimamisha mashine. Shemeji alimfunika kwa koti lake. Mume wangu aliitazama ngazi, akalitazama bomba. Akalishika kwa mkono wa kushoto. Daraja la kwanza. Akapumua. La pili. Mimi nyuma, mikono wazi, simgusi. Akaingia mwenyewe. Akasimama juu ya sakafu, akaipima kwa kisigino, akanitazama. Sitausahau ule mtazamo, hata yatokee ya kutokea.

Akakaa kitandani. Miguu ikafika chini.

Na tone likaanguka kwenye mto.

Halafu la pili. Pale pale, ukingoni mwa kidirisha, penye silikoni yangu mpya. Sikuamini. Nikaweka kiganja, likaanguka kwenye kiganja. Ndoo mbili nzima jana!

Shemeji aliliangalia lile tone muda mrefu. Hakufurahi, nakiri hilo. Akasema, "Umejitahidi, shemeji. Nimeona kila kitu. Lakini na wewe umeona." Akainama, akachukua mfuko wa dawa na nguo.

Nikainuka kuitafuta sufuria.

Hapo mume wangu akainua mkono. Siyo kwangu, siyo kwa kaka yake. Kwa dari. Alikuwa ameshajilaza chali, anasikiliza, amekunja uso, vile alivyokuwa akisikiliza injini. Akanionyesha nigonge. Nikagonga pembeni mwa kidirisha kwa vidole. Akatikisa kichwa. Akaniashiria kwa mkono nisogee mbele. Nikagonga. Mbele tena. Nikafuata ubavu wa dari hatua kwa hatua, mlio ko, ko, ko, mkavu, yeye anatikisa kichwa tu. Nikafika juu ya kiti cha dereva, mbali kabisa na tone. Nikagonga. Mlio ukabadilika. Bu. Mzito, kama mbao iliyolowa.

"Hapo," akasema.

Hapo! Hakusema sahani. Neno lenyewe, mahali pake. Shemeji alilisikia pia, niliona alivyogeuka.

Kule nje juu yake kuna kitaa, ile taa ndogo ya mbele ya paa. Maji yanaingilia kwenye kitaa, yanatembea ndani ya dari urefu wote wa gari, yanakuja kudondokea huku nyuma. Nimekuwa naziba mahali pasipovuja. Kitaa chenyewe kina skrubu mbili tu. Lakini mvua haijakatika, na silikoni haishiki penye maji, na hilo tumelijua sote watatu bila kuambizana. Labda turubai juu, kwa leo. Labda gundi nyingine, sijui, yeye ndiye anayejua.

Mto nimeuondoa. Sufuria iko mahali pa mto. Shemeji bado yuko mlangoni, mgongo unalowa, mfuko uko mkononi mwake. Hajauweka chini, wala hajaupeleka kwenye gari. Anamtazama mdogo wake.

Na mume wangu ananivuta kanga. Anasema tena kitu, nusu neno, haliji. Ananyoosha mkono wa kushoto, anafungua na kufumba vidole. Anataka kalamu. Anataka kunichorea. Ngoja nimpe